Mzee Haskett Aliyekufa Mara Sitini na Moja

Jackton ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye niliyemwita Saudia. Natanguliza hilo ili mtu asije akaniuliza ni nini kilichonipeleka, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, kuingia penye mjeledi kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mpishi kwa Abu Nayef, mtaa wa Al-Malqa, Riyadh. Abu Nayef alikuwa na kampuni ya kutengeneza michezo ya runinga, ile inayoonyeshwa mwezi wa Ramadhani, watu wakishafuturu wanakaa mbele yake nyumba nzima. Alipotaka dereva nikamwambia, baba, ninaye kijana wangu, anaendesha lori kutoka Malaba mpaka Nairobi na hajawahi kugonga hata kuku. Akaletwa kwa mkataba wa miaka miwili. Siku aliyofika nilimsongea ugali, tukala tumesimama pale jikoni, tunacheka.

Shida ilikuwa Mishari, mdogo wake Madam Hessa, mke wa Abu Nayef. Kijana wa miaka ishirini na sita, sura nzuri, mkono mwepesi. Alikuwa akipiga watu kama wengine wanavyopiga chafya. Mwaka wa pili wa Jackton, alasiri moja, alimpokonya funguo za gari, akamwambia akae pembeni. Huko Al-Dirah, karibu na maduka ya viungo, akamgonga mfagiaji wa barabara, Mbangladeshi, na hakusimama. Ufagio wa yule mtu ulikuja nao mpaka nyumbani, umenasa mbele ya gari. Mfagiaji mwenyewe alikufa siku ya tatu.

Mishari akamfungia Jackton gereji.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Sema."

"Bosi, sikuwa mimi."

Akachukua chuma cha kuinulia gari akampiga nacho mbavu. Mbili zilivunjika, nilizisikia kwa mikono yangu nilipomfunga kitambaa. Lakini polisi walipokuja, Jackton alisema kweli. Mishari alikaa ndani siku tisa, hadi jamaa za marehemu walipokubali kusamehe. Aliporudi alipita jikoni kwangu, akasimama mlangoni, akaninyooshea vidole tisa. Akachukua tufaha, akaenda zake.

Mkataba wa Jackton ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Nikamwendea Abu Nayef, nikampigia magoti kwenye zulia, nikamwomba ampe mtoto exit, ile ruhusa ya kutoka nchini, aende. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kupiga. Ila alipenda utulivu wa nyumba yake kuliko haki ya mtu wa nje.

"Kwanza mchezo uishe, Keziah," akasema. "Wallahi, nitampa exit siku ya mwisho ya mchezo."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mfanyabiashara wa watumwa wa zamani, na ulipigwa picha Jeddah. Walihitaji watu weusi wa kuwa watumwa. Basi, walikuwa wamo nyumbani tayari: Jackton dereva, Elphas mlinzi, Danson mtunza bustani. Hata rangi hawakuhitaji kupakwa. Na yule mfanyabiashara mwenye mjeledi, ili Madam Hessa afurahi, akapewa Mishari.

Tukahamia Jeddah sote, kwenye nyumba yao nyingine ya Al-Hamra. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Haskett.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nachemsha maharagwe, nikasikia nyuma yangu: "Mama, iko chai ya maziwa? Hapana hii maji ya nyasi."

Kugeuka, Mzungu mzee, mrefu, amepinda kidogo kama mlango uliolegea bawaba, uso mrefu wenye mikunjo, macho ya mtu anayekudai kitu. Kumbe alizaliwa Kitale, kwenye shamba la mahindi la baba yake, akaondoka na miaka kumi na miwili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha ng'ombe, lakini hakikuwa kimekufa.

Alikuwa mwigizaji tangu ujana, miaka arobaini na minane, Uingereza. Si wale wanaobandikwa picha zao ukutani, la. Yeye alikuwa mtu wa pembeni: askari jela, mchinjaji, padri mlevi, polisi wa kuchukua hongo, mnyongaji. Alianza jukwaani, akishika mkuki na kuuawa kila jioni, Jumamosi mara mbili. Akazunguka miji yote midogo ya kwao, akilala vyumba vya baridi visivyo na pazia, hadi watu wa filamu wakauona ule uso. Kutoka hapo, kila palipotakiwa mtu wa kuchukiwa, aliitwa yeye.

"Mimi nakufa mara sitini na moja, mama," aliniambia akila mandazi yangu. "Mara saba kwa kamba. Mara tisa kwa risasi. Mara moja nakufa kwa mamba."

"Mamba wa kweli?"

"Mamba ya mpira. Lakini maji iko baridi kweli. Mimi naumwa kifua mwezi mbili."

"Na wewe uliua wangapi?"

"O, hiyo mingi. Hapana hesabu."

Nikacheka. Akasema njiani watu humsimamisha, wanajua wamemwona mahali, wanadhani ni jamaa yao au fundi aliyewatengenezea bomba. Hakuna aliyejua jina lake. Mke alimchoka. Magoti yakachakaa, simu ikaacha kulia, na miaka miwili hakuna aliyemtaka hata kuwa maiti, mpaka Abu Nayef alipotafuta Mzungu wa kuwa ofisa wa meli kwenye mchezo wake.

Siku moja nilimuuliza, huo ubaya wote aliusomea wapi, maana mwenyewe alikuwa mpole, hata sahani yake alikuwa anaosha.

"Baba yangu iko na kiboko," akasema. "Inakaa nyuma ya mlango. Mpishi yetu, jina yake Wekesa, natia chumvi mingi kwa supu. Baba napiga yeye kumi na mbili. Mimi iko dirishani, naona sura ya baba. Hapana kasirika, mama. Natulia. Kama mtu nakunywa maji." Akazungusha kikombe. "Halafu mimi nakuwa mkubwa, naenda Landani, watu nasema, Haskett, wewe nacheza mtu mbaya mzuri sana. Nasoma wapi? Mimi hapana sema."

Nilimwona mtu aliyekula mkate wa dhambi ya baba yake maisha yake yote, na hajawahi kuinua mkono juu ya kiumbe. Ndipo nikamweleza habari ya vidole tisa. Nikamwambia, mzee, siku ya onyesho la mjeledi, Mishari ataua mtoto wangu mbele ya watu, na wote watasema ni mchezo.

Aliweka kikombe chini. "Lete kijana," akasema.

Tukaanza kukutana chumba cha kufulia, baada ya chakula cha mchana, Madam akiwa amelala. Jambo la kwanza alilotufundisha lilinishangaza. Katika kazi yao, anayepigwa ndiye mkubwa. Anayepiga hainui mkono mpaka anayepigwa amtazame usoni na kuvuta pumzi. Mjeledi unashuka kando ya mguu, kwenye mchanga, na kamera inadanganywa. Ile sauti ya kiganja kwa ngozi, pa!, anaitoa anayepigwa mwenyewe, anajipiga kifua chini ya shuka. Kisha ndipo ajikunje, ndipo alie. Na akitaka mambo yasimame, anapiga ardhi kwa kiganja mara tatu.

Jackton akakuna kichwa. "Yaani anayepigwa ndiye dereva. Huyu wa mjeledi ni abiria tu."

"Dereva! Ndiyo!" Mzee Haskett akapiga makofi. "Abiria hapana shika usukani!"

Nilishika taulo mbichi badala ya mjeledi, na siku nne mfululizo nilimpiga mtoto wa kaka yangu bila kumgusa. Nilijifunza kuangalia kiganja chake. Kikishuka kifuani, pa!, nami ninashusha. Jackton alikuwa na kipaji, jamani. Alilia hadi nikaacha taulo mara ya kwanza, nikamkimbilia kumpapasa.

"Shangazi, mbona unaniharibia kazi?"

"Umelia kama marehemu baba yako alipokatwa mguu."

"Ndiye ninayemwigiza."

Mazoezi rasmi yalifanyika mbele ya mwongozaji, Ustadh Sabri, Mmisri mwenye tumbo na filimbi shingoni. Mzee Haskett akamfundisha Mishari pia. Na Mishari, amini usiamini, alifanya kila kitu sawasawa. Siku mbili nzima mjeledi ulikuwa ukianguka mchangani. Alimbusu Mzee Haskett bega, akamwita ya ammi, ami yangu. Jackton alilia "mama yangu, nakufa!" na watu wa kamera wakashangilia.

"Wewe Jackton," Danson akamtania, "ukifika nyumbani fungua kanisa. Sauti ya kutoa pepo unayo."

Nililala usingizi siku hizo mbili. Nilidhani Mungu ameshalimaliza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye ua wa nyumba ya mawe ya zamani nje ya mji. Kazi yangu ilikuwa chai na sambusa za watu wa mchezo, meza yangu chini ya turubai. Kabla ya kuanza nilimwona Mishari anamnong'oneza Sabri sikioni. Sabri akaangalia ile nguzo ya katikati ya ua, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. Wakamkumbatisha Jackton nguzo, wakamfunga mikono upande wa pili kwa kamba ya minazi. Mzee Haskett wakati huo alikuwa ndani anabandikwa masharubu. Alipotoka, alikalishwa kwenye kiti cha ofisa mbali kule barazani, jua linampiga usoni, na miwani yake amevuliwa kwa sababu ofisa wa zamani havai miwani.

Sabri akapuliza filimbi. "Yalla!"

Mjeledi ukashuka. Pa! Jackton akapiga ukelele uliowarusha njiwa kwenye paa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilisimama pale na birika mkononi, kifua kimejaa, nikamwambia Elphas aliyesimama na watumwa wengine, "Msikie huyo."

"Leo amezidi," Elphas akasema.

Pa! "Shangazi!" Pa! "Shangazi, nakufa!" Sabri akajiuma kidole kwa furaha. Vijana wa taa walikuwa wanatazamana wakitingisha vichwa. Danson akasema kwa sauti ya chini, "Amebadilisha maneno, jana alikuwa anaita mama." Hata hilo nililisikia nikalipita, nikadhani Jackton ananitania kwa vile nipo. Nilijivunia, ndilo neno. Pa! ya nne. Pa! ya tano. Shuka mgongoni ikachanika, ikawa nyekundu, nikajisemea, hiyo rangi wameitia vizuri.

Ya sita nikatafuta kiganja chake. Ni mazoea tu, kwa vile kule chumba cha kufulia macho yangu yalikuwa daima kwenye kiganja. Nikaviona vyote viwili, kule upande wa pili wa nguzo, vimefungwa, vidole vimetawanyika kama vya mtu anayezama.

Sasa nani anatoa ile sauti?

Birika lilianguka, likanichoma mguu, sikulisikia. Nilikimbia. Abaya yangu nyeusi ikapepea, na nyuma yangu nikamsikia Sabri anamfokea mpiga kamera, "Usisimamishe! Mama yake! Mama wa mtumwa, ya salaam, usisimamishe!"

Nikamlalia Jackton mgongoni. Kifua changu kikalowa, moto.

"Ondoka, shangazi," akaninong'oneza. Meno yalikuwa yanagongana. "Atakuua."

"Na aniue."

"Sab'a," Mishari akasema. Saba. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anahesabu. Ule wa saba ulinipata mimi, kutoka shingoni mpaka sikioni, na ncha ya sikio langu la kushoto ikaruka. Mpaka leo haipo. Nilipiga yowe kwa Kiluhya, nikaita watu wa kwetu waliokufa zamani, na kamera ikanipiga picha nikiwaita. Nikageuka kumwangalia usoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia.

"Thamania," akasema, nane, akainua mkono.

Mzee Haskett alikuwa amesimama. Aliniambia baadaye kwamba kuona hakuona, lakini alisikia sauti ya mwanamke, na katika lile onyesho hapakuwa na mwanamke. Nikamwona anatembea, tena hatembei kuja kwetu. Nikajisemea, anatukimbia huyo, Mzungu ni Mzungu tu. Akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye kamera, akavua kofia yake ya ofisa, akaifunika nayo jicho.

"Kat!" Sabri akaruka. "Ya Haskett, umepata wazimu? Umeniharibia!"

Na hapo, picha iliposimama, ndipo watu walipoona. Waliona damu mchangani, waliona sikio langu, waliona miguu ya Jackton imelegea, amening'inia kwa kamba. Ni kama walikuwa wanaangalia runinga na mtu ameizima.

"Fungua yeye," Mzee Haskett akasema. "Halas. Kwisha."

Mishari alikuwa amebakiza mbili zitimie tisa. Alimwendea mzee huku akiugeuza mjeledi mkononi, kishikio juu, kile cha mti kilichofungwa shaba, akampiga nacho taya. Mlio wake ulikuwa kama wa muwa ukivunjwa gotini. Mzee akaanguka alivyotufundisha: goti, nyonga, bega, kichwa mwisho. Danson alianza kupiga makofi kabla hajajizuia. Tukangoja ainuke, maana kila siku alikuwa akianguka hivyo na kuinuka akifuta mchanga.

Hakuinuka. Meno yake matatu yalikuwa chini, na mdomo umehamia upande.

Elphas ni mzee wa kanisa, sijapata kumsikia akipaza sauti. Alimrukia Mishari, akamlaza, akamwekea goti kooni, akawa anamponda uso kwa ngumi bila haraka, moja, nyingine, kama anayepigilia msumari. Mishari akamng'ata kidole hadi mfupa, hakuachia. Abu Nayef ndiye aliyekuja mbio kutoka kwenye gari lake, kilemba kimeanguka.

"Elphas! Kwa Mungu wako! Mwache!"

Elphas akamwachia kwa sababu ya lile neno, Mungu. Kisu kikaletwa, Jackton akafunguliwa.

Kwenye kliniki walimshona Jackton nyuzi thelathini na moja. Alikuwa anakojoa damu, akalazwa kifudifudi. Mzee Haskett taya lilikuwa limevunjika pahala pawili. Wakamfunga meno kwa waya, juu na chini. Polisi walisema watakuja kesho yake saa kumi kumwandikisha maelezo, Mwingereza aliyeumia si jambo la kuachwa.

Kesho yake asubuhi Abu Nayef akaja na maua na kasha la tende. Tende, kwa mtu aliyefungwa meno! Hakuwa amelala. Akakaa kitandani pa mzee, akasema naye kwa Kiingereza, kisha akanigeukia mimi kwa Kiarabu cha nyumbani ili nielewe.

"Mishari ni damu ya mke wangu. Balozi akiingia, magazeti yakiingia, kampuni yangu mafi, kwisha. Na aseme aliteleza. Huyu wako, Jackton, ilikuwa mchezo, alikubali mwenyewe, watu wote waliona."

Mzee Haskett akachukua daftari. Aliandika kwa herufi kubwa, na karatasi hakumpa Abu Nayef, alinipa mimi. Darasa la nne lilinitosha.

MAMA. POLISI NAULIZA MIMI MARA MOJA TU. NASEMA KWELI AU NAUZA?

Nilikwenda chumba cha pili. Jackton alikuwa ameegemeza shavu kwenye mto, macho mekundu.

"Mzee anaweza kusema kweli, Mishari afungwe," nikamwambia. "Au anaweza kunyamaza, tukutoe wewe."

Akageuzia shavu upande wa pili wa mto.

"Kweli niliisema mara moja, shangazi. Yule mfagiaji alifufuka?"

"Hapana."

"Basi nipeleke nyumbani."

Nikarudi. "Uza," nikamwambia mzee. Akaandika kwa Kiingereza: pasipoti ya Jackton, exit, tiketi, vyote mkononi mwa Jackton kabla ya saa kumi. Chini yake akaongeza jina langu. Nikachukua kalamu nikalikata. Alinitazama kwa ukali. Nikatikisa kichwa. Wawili Abu Nayef angekataa, mmoja angekubali. Nimekaa kwake miaka, najua bei ya kila kitu chake.

Abu Nayef akasoma. "Pasipoti iko kwenye sefu Al-Malqa! Riyadh, ewe Keziah! Wiki ijayo, wallahi."

Mzee Haskett akainua kidole, akaonyesha saa ya ukutani.

"Mwambie haiwezekani!"

"Baba," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho, "ndege za Riyadh zinakuja kila saa."

Alinitazama kama sufuria iliyomjibu. Akatoka nje na simu.

Saa saba, hakuna. Saa nane, hakuna. Saa tisa Elphas, kidole kimefungwa bendeji, akamwinua Jackton tukamvisha shati, chini yake tukamzungushia mtandio wangu laini ili damu isitoke nje. Mzee Haskett alikaa akiangalia mlango. Saa tisa na dakika arobaini akaingia karani wa kampuni, jasho linamtiririka, bahasha mkononi. Nilisoma herufi moja moja kwa kidole, jina, picha, muhuri, tiketi ya jioni hiyo ya Nairobi. Karani akakohoa, "Yalla, mama, yalla." Sikuharakisha. Nilipomaliza nikairudia tena.

Jackton alisimama mlangoni mwa mzee, ameshika ukuta.

"Asante, mzee," akasema. Mzee akafanya ishara ya mtu anayezungusha usukani. Elphas akamshusha kwa ngazi za nyuma.

Polisi alikuwa kijana, mpole, na fomu zake. Mkalimani alikuwa Abu Nayef mwenyewe. Na hapo niliiona kazi ya yule mzee. Hakuwa na mdomo. Alikuwa na mikono, nyusi, na macho. Akaonyesha kiatu cha ofisa, kipana mno. Akaonyesha mchanga. Mguu ukaenda, mkono ukatafuta kitu cha kushika, hakuna, taya likakutana na nguzo. Aliionea haya ile ajali, haya ya kizee, hadi polisi akamgusa bega kwa huruma. Mimi niliyekuwapo, niliyelala juu ya damu, nilimwona akiteleza. Taya halikurudi sawa tena, maneno yakawa yanamtoka yamepinda, na hakuna aliyemwita tena jukwaani. Ile ndiyo kazi yake ya mwisho.

Polisi akanigeukia. Akaangalia sikio langu lililofungwa, na mstari wa shingoni ulioingia ndani ya nguo.

"Na wewe, mama?"

Abu Nayef hakunitazama.

"Nilikuwa namwinua," nikasema. "Nikaanguka pia."

Kijana akakaa na kalamu hewani. "Katika ile nyumba," akasema polepole, "watu wanaanguka sana."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaandika.

Jioni ile nilirudishwa Al-Hamra, Madam Hessa alikuwa na wageni kumi na wawili. Kulikuwa na kondoo mzima wa kukatwa. Juu ghorofani nilimsikia Mishari anakohoa, koo halijapona. Simu ikatetemeka kifuani, nikaingia stoo ya mchele nikafunga mlango.

"Shangazi, nimo ndani ya ndege."

"Umepita kote?"

"Nimepita. Muhuri wamepiga. Mlango wamefunga, nimeuona ukifungwa."

"Umekaaje na mgongo huo?"

"Sijakaa. Nimepiga magoti kwenye kiti, nimekumbatia kile cha mbele. Dada wa ndege ananigombeza, anasema nikae kama watu."

"Mwambie unaumwa."

"Nimemwambia nasali. Ameniacha." Akavuta pumzi, nikamsikia anaumia. "Shangazi, na wewe?"

"Mimi nina kondoo wa kukata."

"Shangazi..."

"Funga simu, Jackton. Inaondoka."